Taka za ofisini hapa Dar: tafuta mpokeaji kwanza, ndoo za rangi baadaye

#1. Mtoa mada

Wakuu, habari za humu.

Nasimamia jengo la ofisi hapa Dar. Wapangaji wangu ni mchanganyiko: mawakili, wahasibu, kampuni ya kutoa mizigo bandarini, kliniki ndogo ya meno, na chini kuna mgahawa. Kazi yangu ni maji, umeme, lifti, walinzi na taka. Nimeamua kuandika kwa urefu kuhusu taka kwa sababu siku hizi maofisi mengi yanaulizia habari za kurejeleza, na wengi wanaanzia pasipo.

Wanaanzia kwenye ndoo. Bosi amerudi na wazo kutoka semina, zinanunuliwa ndoo tatu, kijani, bluu na njano, zinabandikwa karatasi, na tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira, watu wanapiga nazo picha. Baada ya muda simama nyuma ya jengo hilo jioni. Utamwona dada wa usafi anashuka ngazi na kiroba kimoja cheusi. Bluu, kijani, njano, vyote vimo humo. Msimlaumu. Hakuna aliyemwambia karatasi ziende wapi, hakuna chumba cha kuziweka zisubiri, na lori la taka likifika linapakia vyote kwa pamoja. Alichofanya ndicho kilichowezekana.

Hoja yangu ni moja tu: kabla ya kununua hata ndoo moja, jua kila aina ya taka inachukuliwa na nani, siku gani, na anaitaka ikiwa katika hali gani. Ukishajua hayo, ndoo ni kazi ya nusu saa dukani.

Kwa nini tuhangaike? Wenyeji wa Dar tunaijua historia hii ingawa hatuisemi sana. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walilishtaki Jiji Mahakama Kuu kwa sababu ya dampo lililokuwa katikati ya makazi yao, moshi na harufu usiku na mchana. Jaji Lugakingira akawapa haki. Jiji likahamishia taka Kunduchi Mtongani, wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani mwaka 1991, wakashinda. Baadaye ikawa zamu ya Vingunguti, kisha Mtoni, na sasa ni Pugu Kinyamwezi. Hawa wananchi walikuwa na haki kabisa. Lakini tazameni mwelekeo: kila mara tunatafuta mtaa mwingine wa mbali zaidi, halafu jiji linaufikia. Sensa ya 2012 ilituhesabu watu 4,364,541 mkoa mzima. Ya 2022 ikakuta 5,383,728. Watu milioni moja wameongezeka ndani ya miaka kumi. Anayeishi Pugu leo anavuta moshi wa karatasi iliyotupwa Posta na wali uliomwagwa Masaki.

Halafu kuna gesi. Chakula na karatasi vikifukiwa chini ya taka nyingine, hewa haifiki, vinaoza kwa namna inayotoa methani. Gesi hiyo inahifadhi joto angani mara 27 hadi 30 kuliko hewa ya ukaa kwa kipindi cha miaka 100. Ndiyo hiyo pia inayofanya moto wa dampo uwe mgumu kuzima, kwani unawaka kwa ndani huku juu unaona moshi tu.

Sasa ofisini kuna nini hasa? Siku moja mwageni kiroba chenu kwenye turubai mkitazame. Mimi nilifanya hivyo na viongozi wa wapangaji wakiwepo, na kilichotushangaza wote ni kwamba karatasi nyingi zilikuwa safi kabla hazijaingia kirobani. Zimechapwa upande mmoja, nyingine zimetoka kwenye printa zikaachwa palepale. Kilichoziharibu ni chai, mchuzi wa maharage na majani ya chai yenye maji. Karatasi ikishalowa mafuta, mnunuzi haitaki tena. Kwa hiyo ukitenganisha vitu viwili tu, kikavu na kibichi, umemaliza sehemu kubwa ya kazi. Hayo mengine ya makundi sita au saba yaache mpaka watu wazoee.

Kwangu ilikwenda hivi. Kila meza ilibaki na boksi la karatasi tu, tena boksi lilelile la rimu za karatasi, hatukununua kitu. Vikapu vya chini ya meza tukaviondoa. Ukitaka kutupa ganda la ndizi, unanyanyuka unakwenda jikoni. Watu walinung'unika, hasa ghorofa ya mawakili. Lakini kikapu cha chini ya meza ndicho kinachochanganya kila kitu, maana mtu hatazami anachotupa.

Na kabla ya yote hayo, kupunguza. Rimu moja ya A4 ya gramu 80 ina karatasi 500 na uzito wa karibu kilo 2.5, boksi la rimu tano ni kama kilo 12.5. Mwombeni mhasibu idadi ya maboksi yaliyonunuliwa mwaka jana, zidisheni, mtajua ni kilo ngapi za karatasi zimepita ofisini kwenu. Kuipanga printa ichape pande mbili yenyewe bila kuulizwa ni jambo la fundi kompyuta kukaa dakika chache. Maji ya kunywa, achaneni na chupa ndogo kwenye vikao. Yale madumu ya dispensa ya lita 18.9 yanarudi kiwandani yanaoshwa na kujazwa tena. Mgeni apewe glasi.

Karibuni tuchangie. Nataka hasa kusikia kutoka kwa wanaofanya kazi viwandani, karakana na migahawa, kwa sababu ofisi ni kipande kidogo tu.

#2. Mdau wa Keko

Mtoa mada, heshima kwako. Mimi ni fundi seremala hapa Keko. Kwetu huku taka nyingi hazijawahi kuitwa taka. Maranda yakijaa, wafugaji wa kuku wa nyama wanakuja na viroba vyao kuyazoa, wanayatandaza bandani. Vipande vidogo vya mbao wanachukua wauza chipsi na akina mama lishe. Vya ukubwa wa kati tunatengenezea stuli na vibao vya kukatia mboga. Palleti kutoka viwandani tunazinunua, tunang'oa misumari, tunapata mbao za makabati.

Ila nina jambo la kuwaambia wafugaji na hata mafundi wenzangu. Siku hizi tunapasua sana zile mbao za kiwandani za unga uliogandishwa, MDF na nyinginezo. Vumbi lake lina gundi yenye kemikali ya sumu, fomaldehaidi. Hilo lisichanganywe na maranda ya mninga au mkongo ukampelekea mtu wa kuku, na vipande vyake visiuzwe kwa mama lishe kama kuni, moshi wake ni mbaya. Vilevile mbao iliyopakwa dawa ya mchwa. Mimi nimetenga viroba viwili karakana kwangu, kimoja cha mbao halisi na kingine cha hizo takataka za gundi. Mfugaji mmoja alishaniambia anachukua kwangu tu kwa sababu hiyo.

#3. Mdau, Mbezi

Mada nzuri lakini naona kuna tatizo hamjaligusa. Ofisini kwetu tulitenganisha vizuri kabisa, lori likaja likabeba vyote, tukakata tamaa. Na ada ya taka tunalipa ileile, utenganishe usitenganishe. Sasa faida iko wapi? Kwa nini manispaa wasilete malori mawili?

#4. Mtoa mada

Mkuu wa Mbezi, uchungu wako naufahamu na swali lako ni la haki. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazitaka mamlaka za serikali za mitaa ziweke utaratibu wa taka kutenganishwa pale zinapozalishwa. Ni zaidi ya miaka ishirini sasa. Kwa hiyo kudai hilo kwenye vikao vya mtaa na kwa diwani si upendeleo, ni wajibu wao. Daini.

Lakini msikae mnasubiri lori la pili. Vile vikavu havitakiwi kabisa kufika kwenye lori. Kwangu mkandarasi wa taka hajawahi kuona karatasi wala maboksi wala makopo, kwa sababu mnunuzi anakuja siku yake na guta, anapakia kutoka stoo, anapima, anaondoka. Mkandarasi anabeba kilichobaki.

Kuhusu ada, tafuteni kujua mnalipishwa kwa kigezo gani. Kama ni kwa gari au kwa tripu, basi taka ikipungua kaeni naye mezani mjadili upya. Kama ni kiwango kimoja kwa jengo, ni kweli hamtaona nafuu ya fedha hapo, na tusidanganyane. Nafuu itatoka kwenye kununua karatasi chache na maji machache ya chupa. Fedha ya kuuza makopo na maboksi ni ndogo. Sisi tulikubaliana iende yote kwa wahudumu wa usafi, waigawane wenyewe. Hilo ndilo lililofanya mfumo usimame. Dada anayefagia ghorofa ya tatu ndiye sasa anayewakumbusha mawakili wasitie kikombe cha kahawa kwenye boksi la karatasi, na wanamsikiliza.

#5. Mdau, mnunuzi wa makopo

Ngoja niseme kwa upande wa sisi tunaonunua. Nina mizani yangu na kibanda, nanunua kwa vijana wanaookota na kwa maofisi machache.

Ofisi nyingi zinadhani tunataka kila kitu. Hapana. Karatasi nyeupe ya ofisini ina bei yake, ukiichanganya na magazeti na maboksi inashuka yote kwenye bei ya mchanganyiko. Maboksi tunataka yamekunjwa, yamekauka. Boksi lililonyeshewa linaongeza uzito kwenye mizani, mnunuzi mkubwa wa mbele analijua hilo na ananikata mimi. Karatasi ya risiti, zile laini zinazotoka kwenye mashine, usinipe. Ina kemikali ya kutokezea maandishi na ikiingia kwenye karatasi nyingine inaharibu. Vikombe vya karatasi vya kahawa pia, ndani vina utando wa plastiki.

Makopo ya maji ya wazi, yasiyo na rangi, ndiyo yenye soko zuri. Ya kijani na ya bluu yanakwenda peke yake. Angalia chini ya chupa kuna pembetatu na namba. Namba 1 ni chupa za maji na soda. Namba 2 ni madumu na chupa za sabuni. Namba 5 ni vifuniko na vile vindoo vya siagi. Namba 6, yale maboksi meupe ya povu ya kuwekea chipsi, hakuna anayeyataka, mepesi sana na yana mafuta. Hayo mtu akitaka kusaidia jiji aache kuyanunua tu.

Kopo la soda la alumini usilitupe kabisa. Kulirejeleza kunatumia nishati pungufu kwa karibu asilimia 95 kuliko kutengeneza alumini mpya, ndiyo maana bei yake haifanani na ya plastiki.

Na ombi moja la dhati kwa wakubwa wa maofisi. Mwaga kilichobaki ndani ya chupa kabla ya kufunga kifuniko. Vijana wetu wanafungua chupa kwa mikono mitupu, wanakuta juisi iliyochacha, wanakuta mpaka sindano. Hawa vijana ndio wanaopunguza taka za jiji hili kuliko mtu yeyote, na wanadharauliwa kila wanapopita.

#6. Mdau, Tabata

Umenena #5. Kule Bonyokwa, shirika la Nipe Fagio lilianzisha utaratibu wa kukusanya nyumba kwa nyumba taka zikiwa zimeshatenganishwa, na wakusanyaji wana ushirika wao. Kama mtaa wa nyumba za kawaida umeweza, ghorofa lenye walinzi na lifti linashindwaje?

Mimi nilizaliwa Tabata. Hadithi ya dampo na kesi tumeisikia kwa wazazi wetu, na waliohangaika na mahakama walikuwa wakazi wa kawaida tu. Nashukuru mtoa mada ameikumbusha.

#7. Mdau, mtumishi wa umma

Nauliza kuhusu sisi wa serikalini. Nyaraka zetu haziwezi kwenda kwa mnunuzi wa guta. Na vifaa: stoo yetu imejaa kompyuta, viti vilivyovunjika, printa, hakuna anayethubutu kuvigusa.

#8. Mtoa mada

Nitaanza na nyaraka maana suala hili linanikera kwelikweli, na haliwahusu serikalini pekee.

Jioni moja nilinunua karanga barabarani. Nilipomaliza nikakunjua ile karatasi. Ilikuwa ukurasa wa orodha ya wateja wa ofisi fulani: majina kamili, namba za simu, kiasi wanachodaiwa, na upande wa pembeni mtu ameandika kwa kalamu maoni yake juu ya kila mmoja. Ilichapwa upande mmoja tu, kwa hiyo nyuma ilikuwa nyeupe safi, ndiyo maana muuza karanga aliipenda. Yule kijana hana kosa. Amenunua karatasi kwa kilo ajitafutie riziki. Lakini hebu fikiria wewe ndiye jina la tatu kwenye orodha ile.

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Ofisi inayotunza taarifa za watu inapaswa kuzilinda, na karatasi bado ni taarifa hata ikiwa kwenye kiroba. Nilipowaonyesha mawakili wangu suala hili, ndio wakawa wa kwanza kununua mashine ya kuchana karatasi.

Tahadhari moja kuhusu hiyo mashine. Ukichana karatasi unafupisha nyuzi zake, na nyuzi ndizo nguvu ya karatasi. Hata bila kuchanwa, karatasi inaweza kurejelezwa mara tano hadi saba hivi kabla nyuzi hazijachoka. Kwa hiyo msichane kila kitu. Chana yenye majina, sahihi, fedha, namba za vitambulisho na habari za wagonjwa. Matangazo, rasimu zisizo na siri na makaratasi ya semina yaache mazima. Iliyochanwa bado ina kazi: inatengenezewa trei za mayai, ambazo ni karatasi iliyolowekwa, ikasagwa, ikatiwa kwenye umbo na kukaushwa. Wafungaji wa vioo na vyombo nao wanaitumia ndani ya maboksi badala ya povu.

Serikalini sasa. Ndugu yangu, uko sahihi kuogopa. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Na. 3 ya 2002, hairuhusu kumbukumbu za umma kuteketezwa kiholela. Kuna utaratibu wa kupanga zipi zihifadhiwe na zipi ziteketezwe, kwa idhini ya Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka. Watu wa masjala wanaujua. Mkiufuata, zile zilizoruhusiwa zinaweza kusagwa zikawa malighafi, badala ya kuchomwa nyuma ya ofisi. Kuchoma ndiko tulikozoea, na ni vibaya, hasa mafaili yenye plastiki na gundi.

Vifaa vilivyokufa vinahitaji kuhakikiwa kama mali chakavu kisha vipigwe mnada au viondoshwe kwa njia iliyoidhinishwa. Ninachowashauri ni msisubiri stoo ijae. Kiti kilichovunjika mguu leo kinatengenezeka, fundi wa Keko anakifunga kwa saa moja. Kikikaa miaka minne chini ya dirisha linalovuja, kinakuwa kuni.

#9. Mdau, mama wa mgahawa

Mimi nina mgahawa wa ofisini maeneo ya Mikocheni. Napikia wafanyakazi mchana. Naomba ushauri kuhusu chakula kinachobaki kwenye sahani. Kinanuka, nzi, na mlinzi analalamika. Vifuu vya nazi natoa bure kwa mtu wa majiko, maganda ya viazi na ndizi kuna kijana anachukua kwa mbuzi wake. Sahani ndizo zinanishinda.

#10. Mtoa mada

Dada yangu, hapo kwenye vifuu na maganda tayari uko mbele ya wengi. Sahani nazo zina njia.

Kwanza pimeni kinachobaki. Wekeni ndoo moja ya mabaki ya sahani tu, ipimwe kila mchana, iandikwe ukutani. Kwenye mgahawa wa jengo letu mpishi aligundua wali unaorudi ni mwingi kila Jumatano, siku ya maharage. Akaanza kupakua kidogo na kumwambia mteja aje aongezewe bure. Ndoo ikapungua bila mtu kushinda njaa.

Kinachobaki kinaweza kwenda kwa wafugaji wa nguruwe, lakini kichemshwe vizuri kabla ya kulishwa, hasa chenye nyama. Homa ya nguruwe ya Afrika inasambaa pia kwa mabaki ya nyama ya nguruwe, na ikiingia bandani inamaliza banda zima, haina tiba. Mueleze anayechukua, usichukulie kwamba anajua. Njia nyingine ni wanaofuga funza wa nzi mweusi kwa ajili ya chakula cha kuku na samaki. Wale funza wanakula wali, ugali, matunda, na karibu wiki mbili tangu yai wanavunwa. Uchafu wao unabaki mbolea. Wafugaji hawa wapo hapa Dar, ulizia kwa wauza chakula cha kuku, wanajuana.

Maganda, majani ya chai, masalia ya mboga, hayo ni mboji. Chujeni majani ya chai, msiyamwage na maji yake. Kwa kiwango kikubwa Kinondoni wana kiwanda cha mboji Mabwepande kilichojengwa kwa ushirikiano na Hamburg ya Ujerumani, kwa hiyo teknolojia hii si ngeni hapa kwetu. Kwa mgahawa mmoja, pipa mbili zenye matundu na maranda kutoka kwa mdau wa #2 zinatosha. Weka tabaka la mabaki, funika kwa tabaka la maranda makavu au majani makavu, geuza. Ikinuka maana yake maji yamezidi na hewa imepungua, ongeza maranda. Mafuta, nyama na mifupa visiingie humo.

Na mlinzi umshirikishe. Mwambie mboji ikikomaa ni ya bustani ya getini.

#11. Mdau, karakana ya magari

Oili chafu je? Kwetu watu wanakuja kuchukua wapake mbao za paa na nguzo za uzio. Na betri, na matairi.

#12. Mdau wa Keko

Ndugu yangu wa karakana, hiyo ya kupaka mbao nimeiona miaka yote na siiungi mkono tena. Oili iliyotumika ina madini mazito kutoka kwenye injini. Mvua ikinyesha inashuka kwenye udongo, na watu wana visima vifupi. Kusanyeni kwenye pipa lenye mfuniko, chini ya paa, mpeni mkusanyaji mwenye kibali. Na msiimwage kwenye mtaro, mitaro mingi ya huku kwetu inaishia Mto Msimbazi au baharini.

Betri za gari zina risasi na tindikali. Zina soko sana, lakini mkimpa mtu anayeipasua uani kwake kwa shoka, ayeyushe risasi kwenye sufuria watoto wakiwa pembeni, mmewadhuru watoto wale. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo. Muulize anaipeleka wapi kabla hujapokea hela.

#13. Mdau, Mbezi

Narudi tena mimi wa #3. Nimesoma yote. Nimeshaongea na bosi, amekubali tujaribu ghorofa moja. Swali la mwisho kwa mtoa mada: taa ndefu zilizoungua, tona za printa, betri za UPS (kile kifaa kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika) na ndogo za rimoti. Hivi navyo vina mnunuzi wa guta?

#14. Mtoa mada

Hongera mkuu, na ghorofa moja inatosha kabisa kuanzia.

Hivi vyote, usimpe mtu wa guta. Kwanza taa ndefu za zamani zina zebaki. Kidogo, miligramu tu, lakini zikivunjwa nyingi ndani ya chumba kimoja mnaivuta. Zihifadhi nzima, kwenye maboksi yaleyale zilizokuja nazo, zikiwa zimesimama kwenye kona isiyopitwa na watu. Halafu kila inayoungua wekeni ya LED, ambayo haina zebaki na inakula umeme kidogo, ili tatizo lisizaliwe upya.

Tona, muulize anayekuuzia kama anapokea makasha matupu. Wapo wanaoyajaza tena, na ukilijaza kasha mara kadhaa umeokoa plastiki na chuma. Andikeni sharti la kurudisha ndani ya mkataba wa manunuzi, wakati bado mnamtafuta muuzaji. Ukishalipa hana haraka tena. Sharti hilohilo litumike kwa betri za UPS, ambazo ni za risasi kama za gari. Anayeleta mpya aondoke na ya zamani, na akuandikie.

Betri za simu na kompyuta mpakato, zile za lithiamu, msiziweke kwenye kiroba cha taka hata siku moja. Ikibanwa ndani ya lori inaweza kuwaka. Ile iliyovimba itenge peke yake kwenye chombo cha bati chenye mchanga mkavu, usiitoboe.

Kompyuta na printa mbovu zina kanuni zake za mwaka 2021 za taka za kielektroniki, chini ya sheria ileile ya mazingira. Mkusanyaji awe na kibali. Ulizeni ofisi za NEMC, baraza la taifa la mazingira, watawaelekeza waliosajiliwa. Kabla ya kuitoa kompyuta, mwambieni fundi atoe diski na aifute au aitoboe, kwa sababu ileile ya karatasi ya karanga.

Kwa kuwa vitu hivi ni vichache kwa mwezi, ungana na majirani zako. Sisi na majengo mawili ya jirani tumetenga kabati moja lenye kufuli kwenye maegesho, ufunguo uko kwa mlinzi wa mchana, na kila anayeweka kitu anaandika kwenye daftari. Likijaa tunamwita mkusanyaji mara moja na gharama tunagawana. Kama ofisi yenu iko karibu na Barabara ya Bagamoyo nitumie ujumbe, nikuonyeshe daftari lilivyopangwa mnakili.